Mwandishi Anyamaze

Dakika arobaini Marlys Tveit alitakiwa kunyamaza. Ndiyo sheria ya darasa lao: kazi yako ikijadiliwa, huruhusiwi kutia neno. Wenzako wanakuchambua ukiwasikia, wala hawakutaji jina, wanasema "msimulizi". Msimulizi kafanya hiki, msimulizi kachemsha pale, na wewe mwenye maisha yako umekaa hapohapo unanukuu kama karani. Watu wazima hao, na ada wanalipa.

Chuo chenyewe ni cha kuja na kuondoka. Siku kumi Januari, siku kumi Julai, miezi iliyobaki unaandikia kwako na kumtumia mwalimu kwa barua pepe. Marlys, mpishi wa shule ya msingi huko kaskazini mwa Minnesota, Marekani, alikuwa ameandikia jikoni kwake miaka miwili. Hawakuwa wakijifunza riwaya pale. Walikuwa wakiandika mambo ya kweli yaliyowapata, na lake lilikuwa moja: mwanawe Cody alilewa, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, baridi ikamuua maili mbili kutoka mlangoni. Kabla ya hapo alimpigia mama yake simu aje amchukue. Ukurasa wa tisa ulisema simu ya mama ilisahaulika ndani ya gari.

Hivyo ndivyo alivyomwambia hata mumewe Orrin asubuhi ya msiba, na kwa miaka sita hakuwahi kubadili neno.

"Ukurasa wa tisa mimi umenishinda," alisema Tobin, muuguzi mstaafu asiyejua kupaka mtu mafuta. "Msimulizi ana mtoto mlevi, nje baridi ya kuua, halafu eti simu kaisahau garini? Mama gani huyo?"

"Labda alikuwa amechoka," Anneke, mdogo wao darasani, alimtetea.

"Basi aseme amechoka. Asituuzie mbuzi kwenye gunia."

"Niliikata," Marlys alisema.

Kalamu zilisimama. Katika miaka yote miwili hakuna aliyewahi kuvunja ule ukimya, hata yule aliyeambiwa marehemu baba yake anachosha.

"Niliona jina lake nikaikata. Wiki ile alikuwa ameshanipigia mara nne, zote kalewa. Nikaigeuza kifudifudi nikalala."

Mwalimu wao, Bi Rosalind, alivua miwani. Ungetegemea amshike mama wa watu mkono. Thubutu. Hawa watu wa vitabu, we waache tu.

"Hiyo ndiyo insha yenyewe," alisema taratibu. "Iandike hiyo."

Marlys alimfuata hadi nje ya darasa. Jumamosi mchana wanaohitimu, naye mmoja wao, walikuwa wasome kazi zao mbele ya jamaa zao, na Orrin alikuwa anakuja. Baada ya kusoma, kila mmoja anatia sahihi kwamba alichoandika ni kweli kwa kadiri anavyojua. Bila sahihi hakuna shahada.

"Mume wangu hajui," alisema. "Akijua ataniacha."

"Huenda," Bi Rosalind alijibu. "Mpigie basi. Asije akayasikia mbele ya watu."

Alimpigia. Orrin alipokea akiwa na furaha, akaeleza alivyobadilisha matairi, akauliza avae nini. Marlys alisema, "Vaa lile koti la buluu," akakata. Siku mbili aliandika ukurasa wa tisa upya, akaufuta, akaurudisha. Mwisho akajidanganya kwa akili moja ya woga: mbele ya watu Orrin hatapiga kelele, na karatasi itasema kile ambacho mdomo wake umeshindwa.

Jumamosi akasimama katika kanisa dogo la chuo. Orrin alikaa mstari wa pili, koti la buluu, kofia magotini. Marlys alisoma bila kuinua macho. Alipofika penye sentensi ya kuikata simu, aliisoma mara mbili, akaendelea. Watu walipiga makofi wamesimama, Tobin analia waziwazi. Orrin hakuwepo tena pale alipokuwa ameketi.

Marlys alimkuta kwenye maegesho, ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani. Akaingia akakaa kando yake na karatasi zake mapajani.

"Orrin, nisamehe."

"Nilikuwa najua."

Marlys hakuelewa. Akamtazama.

"Asubuhi ile polisi walipoondoka nilienda garini kuichukua simu yako nimpigie dada yako," Orrin alisema. "Haikuwemo. Nilirudi ndani nikaikuta kitandani, kando ya mto wako. Nikaiacha palepale nikatumia yangu."

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Ulikuwa huwezi hata kushika kikombe. Nikasema nitangoja, ipo siku ataniambia mwenyewe. Miaka sita nimelala pembeni yako nangoja, Marlys. Kumbe siku yenyewe ni leo, na mimi nimepewa kiti kama wageni wengine. Ukumbi mzima haumjui Cody hata sura, nao umesikia pamoja na mimi. Tena kwa kipaza sauti."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi si ningekushika?" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Haya. Weka hizo karatasi chini. Niambie mimi."

Marlys aliziweka sakafuni. Kurasa mia na arobaini alikuwa ameandika, akajua pa kuanzia na pa kukata, na sasa hakupata hata neno la kwanza. Pumzi zao zilikuwa zimeanza kutia vioo ukungu. Alimgeukia mumewe.

"Aliponipigia," alisema mwishowe, "nilikuwa macho," na hapo akakwama, na Orrin akamngojea.