Machela kwenye Kona ya Ngazi

Kijana ambaye wenzake walimpa jina la Mrefu alishika machela kwa mbele, Chiriku kwa nyuma, na juu yake, amefungwa mikanda, alilala binti mdogo wa darasa lao aliyejifanya mgonjwa. Kwenye kona ya ngazi Mrefu akasimama ghafla bila kutoa neno. Chiriku hakusimama. Machela ikalala ubavu, na mgonjwa wa kujifanya akapiga ukelele wa kweli.

Dada Mlezi alirukia chuma cha pembeni cha machela. Mkono wake ulibanwa ukutani, lakini machela haikuanguka.

"Tueni chini. Polepole."

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi, amekabidhiwa hawa wa mwaka wa kwanza awalee hadi mtihani wa vitendo, ambao ulikuwa kesho yake. Kwenye semina ya walezi waliambiwa kwamba ugomvi ukizuka wapo wanaopigana, wapo wanaokubali yaishe, wapo wanaokimbia, na wachache hukaa wakazungumza. Alicheka alipojitambua: yeye ni wa kukimbia. Alipoona Mrefu na Chiriku hawasalimiani, alisema tu, "Jamani, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana," akabadilisha mazungumzo.

Binti alifungua mikanda, akashuka. "Hawa hawanibebi tena. Mama hakunileta hapa nivunjike shingo!"

"Si amesimama kimya kimya!" Chiriku alifoka.

"Niseme nini, wakati kila ninachokuambia unakipeleka bwenini?"

Ulimi wa Dada Mlezi ulishaanza kutafuta mzaha. Akaumeza mzaha huo.

"Kaeni hapo hapo kwenye ngazi. Mrefu, sema yote. Chiriku, usimkatize, zamu yako inakuja."

Mrefu alisema akiangalia viatu vyake. Siku ya kwanza wodini aliona jeraha akazirai, akamwambia Chiriku peke yake. Tangu hapo, kila akipita, kuna mtu anajiangusha sakafuni na wengine wanacheka.

"Ulikuwa utani," Chiriku alisema. "Na wewe tangu siku hiyo hunisemeshi. Nikikuuliza, unanipa mgongo. Nitajuaje unasimama?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo lilimtisha Dada Mlezi kuliko makelele yao. Hakuwaambia wapeane mikono.

"Mnataka nini kila mmoja kwa mwenzake, ili mtu afike chini salama?"

"Aseme kabla ya kusimama," alisema Chiriku.

"Na wewe?"

"Siri yangu isiwe kichekesho," alisema Mrefu.

Chiriku alimgeukia. "Nilikosa. Leo nitawaambia wenzetu waache, na wewe ukiwepo."

Mrefu hakusema amesamehe. Aliinuka, akashika vishikio vya mbele.

Binti alirudi nyuma hadi ukutani. Hakuna aliyemlaumu. Dada Mlezi akalala yeye mwenyewe kwenye machela, akafunga mikanda, na moyo ukamwenda mbio kama wa mwizi aliyesikia mlango ukifunguliwa. Dari ilianza kusogea juu ya uso wake.

"Kona," alisema Mrefu. "Nasimama."

"Nimesimama," alijibu Chiriku.

"Mkono unateleza. Ngoja."

"Nangoja. Usiwe na haraka."

Kesho yake mkufunzi aliwakata alama kwa kuchelewa kufika chini, lakini walifaulu. Aliyekuwa amelala kwenye machela ni yule binti, macho ameyafumba kabisa. Baada ya hapo Mrefu aliondoka peke yake, na Chiriku, kwa mara ya kwanza, hakumpigia mtu yeyote domo kumhusu.