Nafasi ya Mama Nestory Mkekani

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwezi huzishinda taa zao, na Dorotea hukosa cha kuanika. Siku hizo hutoka Mwaloni, kwenye soko la dagaa, mchana, akaenda kwenye banda la video la Shigela, hapo hapo Kirumba, kutazama filamu za zamani kabla watu wa mpira hawajajaa.

Shigela hutafsiri kwa kipaza sauti, na kama watafsiri wote wa mabanda, huwapa waigizaji majina ya huku. Mama mzee wa filamu moja ya Kijapani, anayetembelewa na wanawe mara moja tu, Shigela alimwita Mama Nestory. Nestory ni mtoto wa Dorotea. Yuko Dar, na hajakanyaga Mwanza tangu msiba wa baba yake. Shigela alidhani anamfurahisha mama wa watu.

Dorotea hakukasirika. Alichotaka ni Nestory aje, akae hata siku moja. Mengine aliyaacha yapite. Tena alimpenda mwongozaji wa filamu ile. Watu wakishatoka chumbani, kamera yake hubaki kidogo, ikitazama birika na mito ya kukalia. Dorotea alizitambua kazi zake kama anavyotambua dagaa waliokaukia mchangani na waliokaukia kwenye chanja.

"Bibi, hii hata ngumi moja haina," alisema siku moja Maige, muuza barafu, kutoka benchi la nyuma.

"Subiri. Kuna mlango utafungwa."

Filamu ilifika kwenye chumba cha chai, ikasimama. Picha haikuganda, pazia lilikuwa likipepea, na wana walikaa wakingoja. Mkeka wa mama ulikuwa mtupu.

"Mama mwenyewe hayupo," Shigela alitangaza. "Wanasema amechoka kungoja, ameenda kumtafuta mwanawe."

"Sasa tukae hivi mpaka mpira? Mama Nestory si huyu hapa?" alisema Maige.

Dorotea alivua kandambili, akaingia ndani ya filamu, akaketi mkekani. Mle ndani hamkuwa na rangi. Hata magamba ya dagaa mikononi mwake yalikuwa ya kijivu. Binti alimmiminia chai. Mwana mkubwa alimuuliza kama magoti bado yanamsumbua, akangoja jibu.

Simu ikalia kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, mama. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko kwenye filamu."

"Ile ya Kijapani? Vizuri, pumzika. Nilitaka kukwambia mwezi huu sitaweza kuja."

"Haya, baba."

Wana wa kwenye filamu waliinama, wakasimama. Treni yao ilikuwa inakaribia.

"Wanasema watarudi mwezi ujao," Shigela alitafsiri kwa upole.

Dorotea alikuwa karibu nao kuliko yeye. Hawakusema hivyo. Walikuwa wakiulizana mwavuli uko wapi.

"Uko pale kwenye kona," aliwaambia, akainuka kuwachukulia.