Hakuna Kukaa Mpaka Wafunge

"Kaa chini, Lene. Unatuziba."

Sauti ilikuwa ya Mosley, safu moja nyuma yangu, na sikugeuka. Robo ya kwanza ilikuwa imefika katikati. Ubao ulionyesha wageni kumi na moja, sisi sifuri, na katika jukwaa letu lote la juu, nyuma ya kikapu cha kaskazini, aliyesimama nilikuwa mimi peke yangu. Ubavuni kwangu alikaa baba yangu mzazi, mikono kifuani, kofia ya Wahunzi, timu yetu ya mpira wa kikapu, imeshuka hadi kwenye nyusi, akitazama mbele kana kwamba mimi ni nguzo ya jengo.

Asiyewahi kukaa na sisi lazima aambiwe jambo moja. Kwenye jukwaa letu hakuna kukaa mpaka Wahunzi wafunge kikapu cha kwanza. Firimbi ikilia unasimama, wakifunga unakaa, na hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Wajawazito walisimama. Mtu aliyevunjika mguu, na plasta yake, alisimama. Nilipokuwa mdogo baba alinibeba mabegani nionekane nimesimama zaidi ya wote, na mdogo wangu Rodell alijifunza kutembea akiwa ameshika bomba la mbele ya viti vyetu, jukwaa zima likimhesabia hatua. Kukaa kabla ya kikapu cha kwanza, kwetu, ni sawa na kuanza kula kabla ya sala.

Jumapili ile mchana walikubaliana wakae. Tangu firimbi. Mashabiki wa kufa na kupona wa Buffalo, waliovuka theluji ya msimu mzima kuja uwanjani, walikaa kimya ili timu yao iupate ujumbe: shindweni.

Nieleze wazimu huo ulivyotuingia. Msimu ule Wahunzi walikuwa wabovu kupita maelezo. Kufikia Krismasi mtangazaji wa redio alikuwa anasoma matokeo kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Sasa ligi ina mtindo wake: kila mwaka huchezeshwa bahati nasibu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na kadiri unavyomaliza chini ndivyo unavyopewa nafasi kubwa ya kuchagua kwanza. Na mwaka ule kulikuwa na kijana huko Kansas, Thaddeus Broome, futi saba, mwenye mikono laini ya mpiga kinanda. Kijana wa aina hiyo, walisema, haji mara mbili katika maisha ya mtu.

Nilikuwa nasuka na kunyoosha nywele kwa Mosley, mtaa wa Fillmore. Yeye ananyoa wanaume mbele, mimi na wanawake nyuma, na katikati yetu pazia jembamba lisilozuia neno hata moja. Majira yote ya baridi nilisikia hoja ile ile.

"Tupoteze zote zilizobaki," Mosley alisema, mashine ikinguruma mkononi. "Zote. Nyumba imeoza, unabomoa, unajenga upya."

"Na wakati inabomolewa wewe unaishi wapi?" nilimuuliza kupitia pazia.

"Kwa mama mkwe."

Wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Wale ni watu, Mosley. Unamwambia mtu aamke asubuhi, aage watoto, aende kazini kuharibu kazi?"

"Mbona wanaharibu bila kuambiwa? Mimi naomba tu waendelee."

Baba alikaa kila Jumamosi kwenye kiti cha chini ya kalenda hata kama hakuwa na nywele za kunyoa. Hakuwa msemaji. Kiwanda cha chuma cha Lackawanna kilikuwa kimemfundisha kuongea mashine zikizimwa tu. Lakini kwa hili aliongea. "Nimekuwa na timu hii tangu ukumbi wa zamani," alisema. "Ubingwa sijauona hata wa dawa. Yule kijana akija nitauona. Asipokuja nitazikwa na kofia hii bure." Na duka zima likatikisa kichwa kwa heshima. Nami nilimuelewa, sitasema uongo. Nilimuelewa mpaka Machi.

Machi, maradhi yaliingia kambini ghafla. Mfungaji wetu mkuu akashikwa na mgongo. Wa pili goti. Wa tatu waliandika tu kwamba anapumzika, hata ugonjwa hawakuona haja ya kumtafutia. Kocha akabaki na watoto na wachovu, na kujaza nafasi klabu ikaanza kuokota watu wa mikataba ya siku chache. Mmoja wao alikuwa Rodell.

Rodell alikuwa na miaka thelathini na moja. Alishacheza Uturuki, Ufilipino, Venezuela, na ligi ndogo za hapa kwetu ambako mchezaji hufua soksi kwenye sinki la hoteli. Ligi kuu hakuwahi kuikanyaga. Simu ilimkuta anapakia mikate kwenye lori la kiwanda cha mikate, na alipokuja dukani jioni ile Mosley alimnyoa bure na kumwita bwana mkubwa. Baba alishika bega la mwanawe akashindwa kuuondoa mkono. Nililia nyuma ya pazia, mteja wangu akanipa leso.

Furaha ile haikuchacha kwa sababu Rodell alicheza vibaya. Ilichacha kwa sababu alicheza vizuri. Alipewa dakika, akafunga. Akaongezewa, akafunga zaidi. Wahunzi wakashinda mechi mbili ambazo hazikutakiwa na mtu.

"Mwambie mdogo wako apunguze," Mosley aliniambia, hakucheka.

"Mwambie mwenyewe. Anakuja Ijumaa kunyolewa, na wewe ndiye mwenye wembe."

Alikuja Ijumaa. Mosley alimnyoa kimya kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso, na watu wote wakawa wanasoma magazeti ya juzi.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya timu yenye rekodi mbovu sawasawa na yetu. Atakayeshindwa ndiye wa mwisho, na wa mwisho ndiye mwenye nafasi nzuri kwa Broome. Jumapili iliyotangulia tulikula kwa baba. Nilipika nyama ya nguruwe, majani ya koladi, mboga kama sukuma wiki, yaliyochemshwa na kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na mkate wa mahindi ambao Rodell huumaliza kabla watu hawajakaa. Siku hiyo hakuugusa.

"Mechi ya mwisho," baba alianza.

"Najua, baba."

"Sikuambii ukose. Wewe ni mtu mzima. Nasema tu usijiue."

Rodell aliweka uma mezani. "Maskauti, wasaka wachezaji wa timu mbili, wanakuja kunitazama mimi. Sina mechi nyingine baada ya hiyo. Nisipopata mkataba pale, narudi kwenye mikate, na sasa hivi hata magoti yangu yanajua."

"Najua hilo."

"Unalijua na bado unaniomba."

Baba alisukuma sahani yake kando. "Nakupenda, mwanangu," alisema. "Lakini timu hii nilikuwa nayo kabla hujazaliwa."

Nilitupa mfuniko wa sufuria kwenye sinki ukalia nyumba nzima. "Baba, una akili zako kweli?" Rodell aliinuka, akambusu baba utosini kama tulivyofundishwa, akachukua koti. Jioni ile nilimchukia baba yangu. Niliosha vyombo vyake vyote nikimchukia, na nikavipanga kabatini pale pale anapopenda viwekwe.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilikuwa nimesimama. Rodell alianzishwa siku ile, kwa kuwa hakubaki mwingine. Alipotoka kwenye njia ya wachezaji alitazama juu, kwenye jukwaa letu, mahali ambapo utotoni alisimama nasi akitazama chini uwanjani. Aliona viti vimejaa watu waliokaa. Akaniona mimi. Kisha akamwona baba, na macho yake yakabaki hapo kidogo, halafu akainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari.

Alikosa mpira wa kwanza. Alikosa wa pili.

"Safi sana, Tillery!" Mosley alipaza sauti, akimwita kwa jina letu la ukoo, na watu wakampigia makofi mdogo wangu kwa kukosa.

Hapo niligeuka. "Mosley, mkeo anakuja kwangu Jumanne. Omba Mungu nisisikie tena sauti yako."

Baba alinivuta mkono wa koti. "Lene, unaniaibisha."

"Aliyekaa ni wewe, baba."

Akaniachia. Dakika zikaenda, wageni wakifunga, sisi tukigongesha chuma cha kikapu. Nilikuwa nimesimama wiki nzima juu ya vichwa vya watu na nyayo zilikuwa zinawaka moto. Kisha Rodell akanyang'anya mpira katikati ya uwanja, akakimbia peke yake, hakuna wa kumkimbiza, akauweka kikapuni taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenzake.

Kwa sheria yetu sasa ningekaa. Hata Mosley alisema, "Haya, wamefunga, tupumzishe." Nikasema leo sikai. Mpaka leo sijui neno lile nililitoa wapi, lakini baada ya kulisema sikuweza kulirudisha, wala sikutaka. Nilisimama robo ya pili. Nilisimama mapumziko, watu wakipita na bia kunizunguka. Robo ya tatu mama mmoja safu za chini, simjui hadi leo, aligeuka akanitazama, akainuka naye. Wakafuata vijana wawili. Kufikia robo ya nne jukwaa lilikuwa limegawanyika, nusu wamesimama nusu wamekaa, na wote wanatukanana kwa majina ya utotoni. Bisi ziliruka. Mtu na shemeji yake walitenganishwa na walinzi. Baba alikaa vile vile.

Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ukamfikia Rodell kwenye kona ya kushoto, chini yetu kabisa. Aliurusha huku mkono wa mtu umemfunika uso. Ukaingia. King'ora kikalia, na nusu ya uwanja ikashangilia huku nusu nyingine ikizomea. Nimesikia watu wakizomea timu yao ikifungwa. Kuzomea ushindi nilisikia siku ile tu.

"Umetuua," Mosley aliniambia, kana kwamba nimefunga mimi. Akashuka ngazi bila kunisubiri.

Yaliyofuata nitayasema bila kuficha. Bahati nasibu ilituangusha nafasi ya nne. Broome alikwenda mji mwingine, na huko amechukua ubingwa mara mbili. Baba alizitazama fainali zote kwenye televisheni, mechi kwa mechi. Sisi hatujachukua kitu. Na wale maskauti? Hakuna aliyempigia Rodell simu. Hakuikanyaga tena ligi kuu. Sasa anafundisha timu ya wasichana ya shule ya sekondari aliyosoma, na wanamwogopa na kumpenda. Mosley bado ananikumbusha kila majira ya baridi, hasa nikiwa nimeshika kitana cha moto na siwezi kumfanya kitu. "Tulipata nini, Lene?" huniuliza. "Nitajie kimoja tu." Kwa hesabu zake hatukupata kitu, na sibishani naye. Nirudishieni Jumapili ile, na viatu vibovu zaidi ya vile, nitasimama tena.

Siku ile Mosley aliondoka mapema, hakuona yaliyobaki.

Uwanja ulimwagika. Baba hakuinuka, nami nilikuwa bado nimesimama kando yake, maana nilishakataa kukaa na sikujua namna ya kumaliza. Watu wa usafi walianza kufagia safu za chini. Mlango mkubwa wa upande wa ziwa ulikuwa wazi na jua la Aprili liliingia, pamoja na baridi. Rodell alitokea kwenye njia ya wachezaji akiwa bado na jezi, ndala miguuni, mpira kwapani, akitutafuta. Alitukuta tulipo siku zote.

"Baba," alisema. Uwanja mtupu hauhitaji kupaza sauti. "Leo ulikaa."

"Magoti, mwanangu."

Haukuwa uongo mtupu. Kiwanda kilikuwa kimeyala magoti yale miaka mingi. Rodell alitikisa kichwa polepole.

"Sawa, baba," alisema, akageuka kwenda zake.

Nikasikia kiti kinajikunja. Baba alikuwa ameshika bomba la mbele kwa mikono yote miwili, anajivuta, goti la kulia kwanza kisha la kushoto, akipumua kwa mdomo. Alipofika juu alivua kofia, akaiweka kwenye kiti.

"Rodell."

"Naam, baba."

"Nimesimama. Funga nikae."

Rodell alimtazama. Alivua ndala, akaingia uwanjani na soksi, akarusha. Chuma kikaurudisha mpira na akaukimbilia mwenyewe, kwa miguu iliyochoka. Akarusha tena, ukatoka tena. Baba aliliegemea bomba. Nilimshika kiwiko, akakitoa. Mfagiaji mmoja alisimama na fagio lake, anaangalia.

Wa tatu uliingia bila kugusa chuma.

"Imeingia, baba," nilimwambia. "Kaa sasa."

"Nimeona," alisema. Hakukaa.