Firigisi ya Mgeni

Mama Nabututu alitoka Port Victoria hadi Kisumu kwenda kujitazama kwenye filamu. Gordon, aliyeitengeneza, alikuwa amekaa nyumbani kwa Mama siku mbili na kamera yake, akila na kulala hapo.

Ukutani mwa ukumbi akajiona akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Hiyo ndiyo biashara yake. Lakini msimulizi akasema kwamba mjane huyu na wanawe hawana chakula kingine. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma, naye akahisi kama amevuliwa nguo.

Filamu ilipokwisha, watu walipiga makofi. Gordon akamwomba Mama aseme ameionaje.

“Picha ni safi,” alisema akisimama. “Hata moshi wa jiko langu umeonekana. Mbona jogoo niliyekuchinjia sikumwona? Kwetu, Bwana Gordon, firigisi huliwa na mwenye nyumba. Tangu nimzike mume wangu, sijampa mwanamume yeyote firigisi ila wewe. Na uliimaliza.”