Kilio Kina Mwenyewe

Mzee Tuntufye aligoma kula chakula cha mkwewe tangu siku alipouona uso wake kwenye simu.

Mtu wa mbali atacheka, na acheke. Dainess ameolewa kijijini Lufingo mpaka binti yake Beatrice amemaliza shule ya msingi, na muda wote huo yeye na baba mkwe wake wameishi kiwanja kimoja bila kuangaliana usoni. Huko ndiko kutila, heshima ya Wanyakyusa kati ya mke wa mtu na baba mkwe. Akisikia kikohozi cha mzee njiani, Dainess hujifunika kanga na kuchepukia migombani mpaka apite. Jina lake hajawahi kulitamka. Mbalaga za mzee, yaani ndizi za kupika, anazipika yeye, zilainike sana kwa kuwa meno ya nyuma hayapo, na Beatrice ndiye anayezipeleka. Wala msidhani hawapendani. Mwaka Dainess alipougua mapafu, mzee alishinda nyuma ya ukuta wa jiko akikohoa makusudi, ili mgonjwa ajue yupo.

Kisha akafa Esnath, mke wa mzee. Dainess alimlilia kama mtu aliyefiwa na mama mzazi. Kilemba kikaanguka, kanga ikamtoka mabegani, akagaagaa kwenye tope la uwanja. Ezron, kijana mwenye studio mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, aliitwa na familia kupiga video ya mazishi. Akakikata kipande kile cha kilio, akakiwekea muziki wa kucheza, akaandika juu yake “Mkwe bora wa mwaka,” akakirusha mtandaoni. Watu walicheka mpaka Mbeya. Siku moja baada ya ibada, mzee mwenzake akampa Tuntufye simu, akidhani anamwonyesha mazishi ya mkewe.

Tangu hapo mzee alikuwa akijichemshia viazi mwenyewe, na kukonda akakonda.

“Nimemwona binti wa watu hajajisitiri,” alimwambia mwanawe, mume wa Dainess. “Nitakulaje mikononi mwake?”

Hilo ndilo lililomuuma Dainess. Kicheko cha watu angekimeza, lakini hakuwa tayari kumzika mama mkwe kisha apoteze na baba.

Mumewe aliona njia ya mkato. “Tuiache tu hii mila, mama Beatrice. Dunia imebadilika. Msalimiane yaishe.”

“Nikitaka kuiacha nitaiacha mwenyewe,” Dainess akajibu. “Siiachi kwa sababu Ezron ameivunja.”

Asubuhi yake alishuka Bagamoyo. Ezron alimpokea kwa adabu, akampa kiti.

“Mama Beatrice, usiwaze sana. Ile klipu ndiyo imenitoa, sasa hivi nina oda mpaka Kyela. Halafu msiba ni wa watu wote, na mimi nina uhuru wangu wa kusema.”

“Sema, mdogo wangu. Sema mpaka koo likauke. Lakini pale hukusema wewe, nimelia mimi.”

Ezron akatabasamu, akarudi kwenye kompyuta yake. Kama hataki, alisema, sheria ya taarifa binafsi ipo, akashtaki. Dainess alikwisha kuuliza. Aliambiwa aandike barua, asubiri, na mzee hakuwa na mwili wa kusubiri.

Alipokwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Amoni, alipewa zaidi ya alichoomba. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Angeitisha mkutano, alisema, apitishe amri kwamba hakuna mtu kurusha chochote cha kijiji mtandaoni bila muhuri wake.

Dainess alimtazama. Juzijuzi tu vijana walikuwa wamerusha picha ya bomba kavu, lile ambalo Amoni aliwaambia wakubwa kwamba linatoa maji.

“Hapana, mwenyekiti. Nataka kilio changu kitoke kule, sitaki watu wazibwe midomo. Ukianza na mimi utamalizia na bomba.”

Amoni akakumbuka mara moja kwamba ana kikao mahali pengine.

Basi Dainess akabaki na wanawake wenzake. Aliwakuta kwenye banda la kupimia majani ya chai, akawaomba wanyamaze kila Ezron atakapoinua kamera msibani. Mwenye macho hahitaji kuonyeshwa, kila mmoja alijua kesho ni zamu yake. Ila bibi mmoja akang'aka, “Yaani marehemu aondoke bila kilio, kama kuku?”

“Tutamlilia, mama. Kamera ikiondoka.”

Haikupita wiki, msiba ukaangukia nyumba ya jirani, na Ezron akaja na begi lake. Wanawake walikuwa wanalia vizuri tu. Alipoinua kamera, binti wa marehemu, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyetangulia kujifunika kanga gubigubi na kunyamaza. Wengine wakafuata. Kwetu msiba usio na kilio ni aibu inayotembea, na kimya kile kilitisha. Ikasikika mvua juu ya mabati. Dainess aliuma kanga kwa meno, kilio kisimtoke.

“Mbona mmenyamaza?” kaka wa mfiwa akauliza mlangoni.

“Kilio kipo,” dada yake akajibu kutoka ndani ya kanga. “Kina mwenyewe.”

Ezron alisimama na kamera yake mpaka mkono ukamchoka. Macho ya wanaume yote yalikuwa kwake. Akatoka hadi kwenye ua, akashika simu, akabonyeza, kisha akamwita Dainess aone. Klipu haikuwepo tena.

“Zilizosambaa siwezi kuzirudisha, dada yangu.”

“Najua. Nilikuwa nadai yako.”

Akaifunga kamera begini. Dainess alisubiri mpaka aliposikia zipu ikifika mwisho, ndipo akarudi ndani, na kilio kikapasuka, kikavuka mashamba ya chai. Alimlilia jirani, akamlilia na Esnath upya.

Jioni, akimenya ndizi, alisikia kikohozi nyuma ya ukuta wa jiko. Mzee hakuweza kumsemesha mkwewe, kwa hiyo aliusemesha mgomba uliokuwa karibu.

“We mgomba. Nasikia wamefuta. Lakini macho yangu hayafutiki. Niliona.”

Kisu kikasimama mkononi mwa Dainess. Naye hakuweza kumjibu mzee, akaiinamia sufuria.

“Sufuria, mwambie mgomba kwamba simu ndiyo iliyomtazama huyo mtu. Baba yake hakumtazama.”

Dainess alisikia mzee anapenga kamasi, akajua analia.

“Mgomba,” mzee akasema mwishowe, “viazi vimenichosha.”

Dainess akajitanda kanga vizuri kichwani, ingawa ukuta ulikuwa katikati yao, akaongeza ndizi sufuriani.