Honi Nzito ya Kona ya Mwamba

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini na mikono ninayo, na ndiyo maana nilikasirika siku ile kaka yangu mkubwa alipokuja kukaa sebuleni, funguo za gari la mama amezifumbata, kana kwamba nyumba nzima haina fundi umeme wa magari. Huyu kaka tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hawezi kukaa na watu wawili bila kufungua kikao. Akatangaza kwamba kuanzia leo mama haendeshi tena.

"Ameingia mtaroni, dada. Unataka mpaka tumzike?"

"Aliingia akirudi nyuma," nikamjibu. "Akienda mbele hajawahi kugusa hata kuku wa mtu."

Mama alikuwa kimya, anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Hilo ndilo lililoniuma. Mama huyu akipandishiwa bei ya chakula cha kuku husikika mtaa wa pili, leo kanywea kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Gari lile ndilo linalompelekea mayai madukani. Bila gari angebaki kukaa mlangoni, anasubiri mmoja wetu amkumbuke. Yeye alijua, mimi nilijua, na Mwenyekiti naye alijua, ila hakutaka kulisema.

Shida yote ilikuwa kona ya mwamba. Barabara ya kwetu inabanwa pale kati ya jiwe na korongo, linapita gari moja tu, na anayekuja humwoni. Hakuna taa wala askari. Madereva wana sheria yao ya tangu zamani na hakuna anayeibishia: ukikaribia unapiga honi, na ukisikia honi nzito kuliko yako unarudi nyuma hadi penye upana, unampisha mwenzako. Malori ya kokoto yanapita pale kutwa nzima. Honi ya mama, ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa inalia pii, basi, utadhani kifaranga kimekanyagwa. Kwa hiyo mama, kila akikutana na lori, ni yeye wa kurudi, shingo imegeuka, trei za mayai zinagongana huko nyuma. Wiki iliyopita tairi likakosa barabara, gari likaingia mtaroni, na mayai yote yakawa uji.

"Mama hahitaji kunyang'anywa gari," nikasema. "Anahitaji honi."

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. "Honi! Honi ndiyo itamfundisha kuendesha?"

"Ameendesha tangu wewe unanyonya! Nipe asubuhi hii tu. Tukifika kona na lori likatupisha, funguo ni zake na wewe unafunga domo lako. Tukirudi nyuma, gari chukua, kaliuze."

Nilishalitamka ndipo nikakumbuka kwamba gari si langu na mama sijamuuliza. Nikamtazama. Akaacha kufuta meza.

"Funga hiyo honi tuone," akasema. "Ila usinikwaruzie gari."

Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati. Nikafungua boneti, nikashusha bampa la mbele. Honi ya zamani ilikuwa kisahani kimoja, kimeshikwa na bolti moja tu, nikakitoa. Mahali pake nikafunga honi mbili za umbo la konokono, moja ya sauti nene, nyingine nyembamba, midomo nimeielekeza chini maji yasiingie. Hizo zinakula umeme, si mchezo. Ukiziunga kwenye nyaya za kiwandani utaunguza fyuzi, au nyaya zenyewe. Kwa hiyo nikaweka rilei, swichi inayowashwa na umeme. Waya mdogo wa zamani kazi yake ni kuiamsha tu, umeme wenyewe unatoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake njiani. Mwenyekiti amesimama, mikono nyuma, anakagua asichokijua.

"Haya mama, bonyeza."

Mama akabonyeza. Rilei ikasema tik. Honi kimya.

"Hata ile pii imekufa," kaka akasema. "Afadhali ya jana."

Nikapima fyuzi, nzima. Nikapima umeme, unafika. Nikazunguka gari lile nikilaani kila kitu, mpaka nikapiga kofi paji langu la uso. Rangi! Umeme ukishafanya kazi lazima urudi kwenye betri, na unarudi kupitia bodi la gari. Fundi yeyote hukwaruza rangi kwanza, chuma king'ae, ndipo afunge waya wa kurudi. Mimi fundi mzima nilikuwa nimeufunga juu ya rangi, kwa kuwa mama kasema nisikwaruze! Na waya mnene wa kuurudisha hadi betri ulikuwa umeniishia.

Gari lile mama hulisugua kila asubuhi kwa kitambaa laini kuliko cha kufutia vyombo. Hajawahi kuruhusu hata kibandiko kwenye kioo.

"Mama," nikasema, "lazima nikwaruze. Padogo tu, lakini pataharibika."

"Si nilisema?" Mwenyekiti akadakia. "Leo rangi, kesho injini."

Mama akashuka. Akainama mbele ya gari, akapapasa pale kwa kidole. Kisha akaenda mezani kwangu, akachukua msasa, akanishikisha.

"Kwaruza," akasema. "Kwaruza mpaka ikubali."

Nikakwaruza. Alipobonyeza mara ya pili, lo! Kuku wote bandani wakaruka, Mwenyekiti akaziba masikio, jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Mama akabonyeza tena, bila sababu yoyote, anacheka.

Tukaondoka watatu: mama kwenye usukani, Mwenyekiti pembeni yake, mimi nyuma na trei za mayai mapajani. Tulipoikaribia kona tukasikia injini ya lori inanguruma upande wa pili, halafu honi yake, nzito, ya kukutetemesha meno. Mkono wa mama ukaenda wenyewe kwenye gia. Nikaona anaitafuta rivasi. Nilitaka kupiga kelele, nikajiuma ulimi. Honi niliweza kumfungia, kubonyeza ni kwake.

Akausimamisha mkono. Akaurudisha kwenye usukani, akaminya.

Sijui aliminya kwa muda gani. Alipoachia kukawa kimya, halafu tukasikia breki zinapumua, na kokoto zikisagika chini ya matairi. Lori lilikuwa linarudi nyuma.

Tukalikuta limejibanza penye upana. Dereva wake, mwanaume mwenye kifua kipana, alikuwa ametoa kichwa nje, anaangalia juu ya paa letu, anatafuta.

"Shikamoo mama. Lori liko wapi?"

"Marahaba. Lori gani?"

"Hilo lililopiga honi."

"Ni mimi," mama akasema.

Yule dereva akalitazama bampa letu, akamtazama mama, akavua kofia. "Basi pita, mama. Pita."

Mwenyekiti alikuwa anamtazama mama kama mtu ambaye hawajaonana siku nyingi, na nadhani ndipo alipoelewa alichokuwa anataka kumnyang'anya. Mimi nilijivuna, wacha niseme kweli. Kwa honi yangu nilijivuna kidogo, kwa mama nilijivuna mpaka machozi yakanitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, yote miwili imeshika mayai. Mama akatia gia, tukalipita lile lori taratibu. Kwenye kioo cha ndani niliyaona macho yake, yanaangalia mbele.