Swali la Komanda kwenye Phonie

Phonie, ile redio ya kuitana, haina pazia. Ukisema na mtu wa Beni, wote wenye phonie hadi msituni wanakusikia, rafiki na adui. Mwalimu Kalala alilijua hilo vizuri. Lakini mwaka ule wa vita barabara ya Butembo na Beni ilikuwa imefungwa, na mashindano ya hesabu aliyoyaanzisha na mwalimu mwenzake Monique yalikuwa yanakufa hivi hivi, wanayaona. Ndipo Amisi, mfanyabiashara ambaye malori yake hayakuwa na pa kwenda, akawaazima phonie yake. Monique angekaa Beni na wanafunzi wake, Kalala Butembo na wa kwake, nyumbani kwa Amisi, maswali yapite hewani.

Jumamosi moja walikuwa kwenye swali la tatu mlango ulipopigwa teke. Akaingia komanda mwenye vizuizi vyote vya barabara ile, askari wawili nyuma yake.

"Mwalimu, tangu asubui unatuma manamba. Kumi na saba, mia mbili na ine. Ile ni code! Unauzisha basoda wangu kwa adui?"

Kalala hakuwa mwoga, lakini siku zile aliyepelekwa kambini kwa kosa kama hilo hakurudi kusimulia. Akamwonyesha watoto kwa mkono. "Hapana, mon commandant. Ni concours. Ni batoto banafanya calcul."

"Batoto!" Komanda akawatazama watoto waliobanana kwenye benchi, kila mmoja na kibao chake na chaki. Akafikiri kidogo, na akili yake ikampendeza, ilionekana usoni. "Bien. Kama ni code, mulishapatana mbele ya kuanza. Donc swali nitauliza mimi. Butembo na Beni bakijibu sawasawa, ninaenda. Bakikosana, unakuja na mimi."

Akanyakua kipaza sauti, akabana kitufe.

"Allô Beni! Kila asubui ninapanga basoda wangu. Mbili-mbili, mumoja anabakia. Tatu-tatu, mumoja anabakia. Ine-ine, mumoja. Tano-tano, ni ule ule mumoja, ananichokesha! Lakini saba-saba, hapana mutu anabakia. Habafike mia ine. Biko ngapi?"

Akaachia kitufe. Kalala akaanza kuzidisha kichwani, namba zikimponyoka. Mwalimu mzima! Kabla hajafika popote, Sofia, binti wa Amisi, aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akalaza kibao chake mezani, maandishi chini, akajikuna mguu.

Sauti ya Monique ikaja kutoka Beni. "Grady, mwanafunzi wangu, anasema mia tatu na moja."

Komanda akageuza kibao cha Sofia. 301.

Nywele zilimsimama Kalala. Barabara imefungwa, Sofia hajawahi kumtia Grady machoni, hakuna aliyewanong'oneza, na wote wawili wamefika mahali pale pale. Jambo hilo alilifundisha miaka na miaka, na leo ndiyo kwanza analiona. Machozi yakamlenga, wala hakuona haya.

"Ulifanya aje?" komanda akamuuliza Sofia, sauti imeshuka.

"Nilitoa kwanza ule wa kubakia. Bengine bote banagawanyika na sitini. Njo nikapandisha sitini-sitini, kila mara ninamurudisha ule mumoja, mupaka nikapata yenye kukubali saba."

"Na ni kweli," komanda akasema, ameduwaa. "Biko mia tatu na moja. Mimi njo ninabalishaka chakula."

Kidole chake kilikuwa kimebana kitufe tena, bila yeye kujua.

Askari wake wakatazamana. Amisi akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe: siri ya kambi ilikuwa imetoka kinywani mwa mwenye kambi, na msitu mzima umeisikia. Kalala hakucheka. Mwenye bunduki akiaibika ni wa kuogopwa kuliko akikasirika.

Lakini komanda alikiweka kipaza sauti mezani taratibu, kama yai. Akavua kofia, akaketi mwisho wa benchi, magoti yakamfika kifuani.

"Endelea, mwalimu. Na mimi munipatie kibao."

Sofia akamsogezea chake. Komanda akaitazama ile 301 kwa muda mrefu, bila kuigusa.

"Barrière zote za njia ile ni zangu," akasema, kama anayejisemea. "Hii imepita wapi?"

Kalala akabana kitufe, akamsomea Monique swali la nne.